Upande wa Pili

Daktari Nampunju akageuza kadi ya kliniki,
nyuma yake akachora tumbo la mwanangu.
Kinena cha kulia, mkato mmoja umepinda,
urefu wa korosho:
"Huu tunaufanya hapahapa Newala, kesho asubuhi."
Kisha vitone vitatu, kimoja kitovuni:
"Haya matundu ni ya Dar. Kamera inaingia,
inachungulia na upande wa pili, kama nao uko wazi."

Nikajishika nyonga.
Mimi nilipasuliwa kulia nina miaka minne.
Mwaka uliofuata ngiri ikatokea kushoto,
baba akauza tena magunia mawili.

Twalibu akilia, uvimbe unajaa chini ya kanga.
Akinyamaza unarudi ndani,
kama haujawahi kuwapo.

Malipo ya mnada bado hayajaingia.

"Na mkono wako, daktari, hauwezi kuona kushoto?"
"Mkono hauoni," akasema.
Akafunga kalamu.
"Ila mkono upo."

Nikatia saini.

Sasa ni usiku wa nne, kidonda kimekauka.
Ninalala nimeweka kiganja kinena cha kushoto,
nikisubiri akohoe.