Hati Winguni

Masika yale, dari ya Kuze ilipovuja,
hati ya nyumba ilitoka sandukuni ikiwa uji.
Nakala iliyosalia kwa wakili nimeipiga picha,
nikaipandisha humu humu mnamoingia barua pepe zangu,
kando ya bili za maji na salamu za Idi.

"Umeiweka wapi?" auliza Bi Mwanatumu.
"Winguni, mama."
Akatazama juu. Akanitazama mimi.
"Wingu? Si ndilo lililotuponza?"

Hili halinyeshi, namwambia;
ukiwa na nywila, waifungua hata sokoni Kongowea.
Hajibu.
Nywila kaiandika kwa wino,
akaikunja mara nne,
akaitia kwenye mkebe wa biskuti,
akaurudisha juu ya kabati,
chini ya dari ile ile.