Nakala ya Kumi na Moja

Februari, Tartu. Theluji imekaa dirishani
kama mgeni asiyejua saa ya kuaga.
Mimi na Tõnis tumerithi mali ya mtu aliye hai:
programu ya bili za joto,
mistari elfu thelathini na moja,
kazi ya mzee Heldur, aliyestaafu akaenda kulima matango.

Hapa joto husafiri chini ya barabara,
maji ya moto kutoka mtambo mmoja hadi kila sebule,
na kila mwezi mashine yetu humwambia kila mtu
ameota moto wa yuro ngapi.
Hesabu ni moja.
Imeandikwa mara kumi na tisa.

Kila mtaa ulipojiunga, Heldur alinakili,
akabandika, akabadili jina, akaenda kunywa kahawa.
Simhukumu.
Saa kumi na moja jioni, mteja anafoka kwenye simu,
nani atawasha jiko jipya
na chungu cha jirani kinatokota?

Januari kodi ikapanda.
Tulirekebisha kumi na sita; tatu zikatukwepa.
Akaja mama mmoja na bili zake ndani ya mfuko wa mkate,
akazipanga mezani kimya kimya, kama karata,
akatungoja tucheze.

Basi tukaanza msako.
Tõnis akaunda programu ndogo ya kunusa:
haijali majina, haijali nafasi wala maelezo,
hutazama mifupa tu.
Ikanusa usiku kucha. Asubuhi, orodha:
hii na hii, pacha.
Hii na ile, pacha.
Hizi mbili zilizaliwa pacha, mmoja akang'oka jino.

Kufuta kuna utamu wake, nisiseme uongo.
Unaondoa mistari mia mbili,
unaendesha majaribio, unangoja rangi ya kijani,
unashusha pumzi, unaondoa mingine.
Tulikula biskuti za watu wengine na kufuta.

Ya kumi na moja ikakataa.
Ilifanana na wenzake ukucha hadi unywele
ila kwa mstari mmoja katikati:
zidisha kwa sifuri nukta tisa tatu.
Hakuna maelezo. Hakuna tarehe.
"Kidole kiliteleza," akasema Tõnis,
na chake kikiwa tayari juu ya kitufe.

Nikampigia Heldur.
Nyuma ya sauti yake, redio na mbwa.
"Huo mtaa wa Lepiku," akajibu, hata sijamaliza.
"Bomba lao ni la kale, limevikwa matambara.
Njiani linapasha minyoo na mizizi.
Kwa nini watu walipie minyoo?"
"Ulimwambia nani?"
"Kompyuta."
"Na bomba, bado ni lile lile?"
Kimya. Mbwa. "Walisema watalibadilisha. Kaangalieni."

Kwenye karatasi za kampuni, bomba lilikuwa jipya tangu miaka sita.
Tukavaa makoti.

Lepiku theluji ilifika magotini,
isipokuwa ukanda mmoja mweusi, mbichi, unaofuka mvuke,
umenyooka kutoka kona hadi mlango wa mwisho,
na juu yake paka watatu wamelala chali.
Tõnis akavua glavu, akagusa ardhi,
akaacha mkono pale muda mrefu kuliko ulivyohitajika.

Leo hesabu inakaa mahali pamoja.
Kila mtaa huja na namba yake mkononi,
na ile ya Lepiku tumeipa jina, ili anayekuja asidhani ni uchafu:
hasara ya njiani.
Mistari elfu nne imekwenda zake.
Picha ya paka nimeibandika kwenye ripoti ya bomba,
ukurasa wa kwanza.

Jioni, ninafunga mkoba, simu inalia.
"Mmeangalia faili la kuchapisha bahasha?"
Heldur, mdomo umejaa tango.
"Mle ipo nyingine.
Siku ile nilikuwa na haraka."