YAH: Rufaa Dhidi ya Neno "Nyepesi"

Ndugu Katibu,
barua yenu ya tarehe tisa imenifika,
imekunjwa mara tatu, imepigwa muhuri pembeni,
na katikati yake neno moja limekaa kama bwana:
"Mwombaji anamudu kazi nyepesi ya kukaa."

Nimelisoma nikiwa kifudifudi,
kidevu juu ya mto, karatasi sakafuni,
maana tangu ule mninga wa Ipole uliponiachia
kama jani lililomaliza kazi,
kukaa ndiko kulikonishinda.

Miaka ishirini na miwili nimehesabu mizinga ya Serikali.
Nyuki mkali namjua kwa mlio,
mzinga mtupu naujua kwa kuugonga kwa kidole.
Nanyi mlinigonga vivyo hivyo, mgongoni, mara mbili,
mkaandika asilimia kumi na nne.
Aliyenipima hakuvua glavu.
Hakuuliza usiku wangu una saa ngapi.

Tena mmeandika: "Alifika mwenyewe."
Kweli, nilifika.
Nililetwa Tabora kutoka Sikonge, chali,
juu ya marobota ya tumbaku,
miyombo ikinipita kichwa chini miguu juu,
na Nyanzala, mke wangu, amenishika kiuno
kama mtu aliyepakata trei ya mayai.
Ngazi zenu nilizipanda kwa viganja.
Mlangoni nikasimama, nikajipangusa magoti.
Hapo ndipo mliponiona.

Kiti mlinipa. Nikakikataa.
Pengine hilo nalo mmeliandika.

Sidai huruma, Ndugu Katibu.
Huruma ninayo nyumbani, imenichosha.
Nadai kile kilichokatwa kwenye mshahara wangu kila mwezi,
hata mwezi tuliokula ugali kwa chumvi,
hata mwezi niliomzika Kulwa, akabaki Doto
akiuliza nani sasa ataitwa wa kwanza.

Naambatanisha:
picha ya eksirei (ishikeni juani, mtaona
pale pingili zilipogombana);
nakala ya kitambulisho;
hati za mshahara, chache zimeliwa na mchwa, mniwie radhi.

Chupa ya asali Nyanzala aliifunga pamoja na bahasha.
Nimeitoa. Mngeiita rushwa.

Mkiniita tena, nitakuja.
Naomba tu chumba kiwe na mkeka.

Ni mimi,
Luhende Msonga,
Afisa Nyuki Msaidizi,
ambaye sahihi yake imepinda
kwa sababu sakafu yetu haijasawazishwa.