Alichokikata Vubo

Nilikuwa na miaka tisa, kazi yangu kupiga kibao.
Kamera ikianza kunguruma nasimama mbele yake,
nataja namba, napiga, pa!
kisha nakimbia nje ya picha
kama kuku aliyefumwa jikoni.
Kwa hiyo nilianza kila kipande cha filamu ile
na simo hata katika kimoja.

Alikuja Bulongwa mwaka wa sabini na nne, msimu wa sakitu,
Wubbo Drenth. Sisi tukamwita Vubo.
Mrefu, masikio mekundu kwa baridi,
mtu wa nchi iliyokopwa baharini,
ambako, alisema, ng'ombe hulisha chini na meli hupita juu yao.
Hatukuamini.
Naye hakuamini kwamba mtu hupanda viazi ukutani
mpaka mama, Yudita Chaula, siku ya tatu,
akampa jembe kweli.
Alilima nusu tuta. Malengelenge yalimpasuka
akayapiga picha.

Usiku, motoni, alitusimulia gharika.
Bahari ilipovunja kingo zao alikuwa na miaka kumi na mbili,
juu ya paa, na kamera ya mwalimu.
Picha nne za maji.
Ya tano, mlango wa duka la mikate la baba yake
ukiondoka peke yake, kitasa kikiwa bado kimefungwa.
"Tangu siku ile," alisema,
"sijui kutazama kitu bila kukiaga."

Siku sita alimfuata mama,
akichuma pareto, akianika pareto,
akibishana na karani wa mizani
hadi mizani yenyewe ikaanguka
na mama akacheka, akacheka, akakaa chini ndani ya maua.

Filamu ilipata tuzo katika miji nisiyoweza kuitamka.
Akatengeneza nyingine: wavunja meli,
kiwanda cha maziwa siku ya mwisho, wazee wa jengo moja
waliokuwa wakifa mmoja mmoja huku yeye akisubiri lifti.
Wake wawili walimchoka. Kisha televisheni nayo.

Mwaka wa themanini na tisa akarudi
na jenereta, na shuka la hospitali lililotundikwa kanisani.
Wafu wetu wakatembea shukani.
Watu wakawaita kwa majina.
Na mama? Mikono tu. Pareto, mikono,
sekunde kumi na moja, basi.
"Na mimi niliyebaki niko wapi?" aliuliza.
Nikatafsiri. Vubo akanyamaza, kisha: "Nilikukata."
Hilo nalo nikalitafsiri,
kwa neno la Kikinga lililokuwepo, lile la panga.
Mama akajishika shingo.
Hakuna aliyecheka.

Miaka iliyofuata iliwala ndugu zangu.
Mama akalea wajukuu saba.
Walikuja watu wengine na kamera,
wakauliza idadi ya watoto,
wakaondoka kabla ya ukungu kushuka.
Yeye Vubo hakuja.

Mwaka jana, basi la Mbeya likaniletea kopo la bati.
Barua ya Femke, bintiye:
baba amefariki, macho yalimtangulia.
Majira mawili ya baridi alikaa chini ya nyumba,
mimi nikimsomea maandishi ya makopo,
yeye akisema, siyo hilo, siyo hilo.

Nikaunyoosha mkanda dirishani.
Picha ndogo kama ukucha,
na katika kila moja mama, ndani ya maua, kinywa wazi.
Mwanzoni kabisa, ukingoni, kuna kiganja kimeshika kibao,
na kovu la mundu chini ya kidole gumba.
Nikatazama gumba langu.

Mama hayupo wa kuonyeshwa. Mashine sina.
Nimeubandika kwenye kioo cha jikoni.
Asubuhi, jua likipata upenyo,
anacheka juu ya masufuria bila sauti
mpaka mvuke wa chai upande,
nami nafuta kioo kwa kiwiko,
polepole, nisije nikamchana.