Daftari la Zamu ya Usiku

Saa tano kasorobo, baridi ya Julai.
Gari letu lina viti kumi na kimoja
na kipasha joto kinachokohoa.
Mimi usukani. Shangazi Coralie daftari.

Kituo cha petroli: kijana kajikunyata chini ya taa,
miaka kumi na mmoja,
meno ya mbele makubwa kuliko mdomo.
Gari la polisi limeshapita mara mbili.
Mara ya tatu huwa halipiti.

"Wa nani wewe?" auliza Shangazi,
si kwa sauti ya askari.
"Wa Noelene."
"Noelene wa ng'ambo ya mto?"
"Huyo huyo."
"Basi bibi yako dada yangu. Panda."

Nyumbani leo kuna kelele;
anatuambia kwa kutotuambia.
Tunamzungusha. Mkate na soseji, nyanya kidevuni.
Daraja la mto usio na maji,
mikaratusi imeota mchangani katikati,
kangaruu anakatiza taa zetu, hana haraka.
Jarli amelala. Kila shimo la barabara
linagonga kichwa chake kiooni.

Kaka yangu Desmond hakukutana na gari hili.
Boksi moja la chokoleti, miaka kumi na mitatu,
akapelekwa kwenye milango ya chuma.
Huko ndani, alisema, karibu wote walikuwa sisi.
Ana wajukuu sasa,
na bado husimama mbele ya mlango wa chumba chake
akingoja mtu amfungulie.

Jumanne alikuja bwana wa wizara,
viatu havijawahi kuonja vumbi jekundu.
"Mafanikio yenu mnayapimaje?"
Shangazi akamsukumia daftari.
Akafunua, akafunua. Safu ya Tukio:
Hakuna. Hakuna. Hakuna.
"Lakini mama, humu hamna kitu."
"Ehee," akasema Shangazi,
"usiku mia mbili tunakesha
tukikitafuta hicho hicho hamna."

Akaandika kitu. Hatukuonyeshwa.
Pesa za petroli zinafika Septemba.

Kwa mjomba Lindsay taa ya baraza inawaka.
Anambeba Jarli mabegani kama gunia la viazi,
miguu inaning'inia.
Shangazi analamba ncha ya penseli:

Jarli. Soseji mbili. Amefikishwa.
Tukio: Hakuna.
Maoni: hana soksi.