Vyungu Viwili, Ghorofa ya Nne

Bi Irmtraud Kunze alipelekwa hospitali Jumanne,
nyonga imevunjika, mkoba mapajani,
na kabla machela haijapinda kona ya kwanza ya ngazi
akanishika mkono: Volkmar, mizeituni.
Hakutaja paka. Hakutaja hata kodi ya nyumba.

Karatasi niliikuta chini ya kisahani cha sabuni,
mwandiko wa karani mstaafu wa reli,
herufi zimepangwa kama mataruma:
Isikae karibu na hita. Isikae gizani.
Kabla ya kumwagilia, tia kidole hadi kiungo cha pili.
Kikitoka kikavu, mimina kikombe.
Kikitoka na tope, nenda zako.
Usiihurumie sana.

Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, husema watu.
Waliosema hawakuwahi kubeba chungu cha udongo
kilichonyeshewa wiki nzima na mvua ya Novemba,
kutoka roshanini, kupitia sebule ya mtu mwingine,
kinyumenyume, ukichungulia zulia.
Niliviweka juu ya matofali
chini ya dirisha la ngazi, upande wa kaskazini,
pale baridi inapokaa bila kung'ata.

Mimi ni mwokaji. Natoka saa saba usiku,
narudi asubuhi na unga kwenye nyusi.
Riziki yangu ni joto: kinyunya kiumuke, mkate upande.
Nani alinifunza kutunza kitu kwa kukinyima?
Lakini mti huu unataka kulala,
na ukiubembeleza kwa joto unadanganyika,
unatoa vichipukizi vyeupe, virefu,
kama vidole vya mgonjwa vinavyotafuta shuka.

Desemba majani yakaanza kudondoka.
Moja, mawili, kisha konzi nzima kwenye vidato,
upande huu kijani, upande huu fedha,
kama sarafu za nchi iliyokwisha kufutwa,
zile ambazo mama yangu bado anazo kwenye kopo la kahawa.
Bwana Pfützner, msimamizi wa jengo, akabandika tangazo:
NGAZI SI BUSTANI.
Nikafagia. Chini yake nikaandika: Ni wiki kumi tu.
Akaongeza kwa kalamu nyekundu: Tisa.

Nilifuta wadudu gamba kwa kitambaa cha sabuni,
jani baada ya jani, kama anayeosha miwani ya watoto wengi.
Siku moja nikatafuna jani, basi tu, nijue.
Chungu ndani ya chungu. Nikacheka peke yangu,
mlango wa ghorofa ya tatu ukafunguka, ukafungwa.

Kisha ule usiku wa Januari,
nyuzi kumi na nne chini ya sifuri.
Nilikuwa mbele ya tanuri, jasho linanitoka,
ndipo nikakumbuka lile dirisha na kioo chake kilegevu.
Ningempigia nani simu saa tisa usiku?
Nikatia mikate motoni. Nikatoa mikate.
Mikate ya alfajiri ile iliungua chini, yote.

Niliporudi, kioo kilikuwa kimeota manyoya ya sakitu,
na vyungu vimefungwa plastiki ya malengelenge,
vimezungushiwa gunia, vimekazwa kwa kamba,
na juu ya ule mti mdogo
koti kuukuu la posta, vifungo vyote vimefungwa.
Sikuuliza. Pfützner naye hakusema.
Tangazo tu halikuwepo tena.

Machi, Bi Kunze akapanda ngazi kwa mkongojo,
akipumzika kila ghorofa, akikataa bega langu.
Hakunisalimia. Aliinama, akakwaruza gome kwa ukucha
mahali padogo, padogo kama punje ya mtama:
kijani, chenye maji.
Akahamia wa pili. Akakwaruza. Akanyamaza kidogo.
Huu umeunywesha mno, akasema.

Kisha akanusa ukosi wa lile koti,
akaketi kwenye kidato cha juu,
mkono mmoja ukingoni mwa chungu.
Pfützner hajaacha sigara, akasema.
Muite aje. Na wewe, leta mkate, kama upo usioungua.