Usiusugue Ulimi

Kaa hapo karibu na bomba la joto, kijana.
Dalian mwezi huu haina huruma na magoti.
Nimeshaandika: Luan Zhiyuan, miaka thelathini na mmoja,
bega la kulia, mwezi wa nne sasa.
Zima simu. Nisikilize mimi, Qiu wa kaunta,
kabla hujamsikiliza yeye.

Umekula?
Usinidanganye. Mwenye njaa huzirai sindano ya tatu,
na sakafu yetu ni ya vigae.
Uji wa mtama upo chini ya meza, bakuli lako hilo.
Kahawa je? Umeshakunywa.
Basi ulimi wako umevaa nguo ya kuazima,
na daktari Mu huusoma ulimi kama usomavyo risiti:
rangi, utando, alama za meno ukingoni.
Siku nyingine usiusugue. Njoo nao ulivyoamka.

Atakushika kifundo cha mkono kwa vidole vitatu.
Nyamaza. Hahesabu tu, anasikiliza mwendo.
Kisha atauliza yasiyolihusu bega:
choo, usingizi, miguu kupata baridi, ndoto.
Usicheke.
Bega halikuja hapa peke yake.

Atakutajia chi. Mimi miaka kumi na tisa kwenye kiti hiki
sijaiona chi kwa macho, wala sikuuzii.
Nimeona walioingia wamepinda wakatoka wamenyooka.
Nimeona waliotoka wamepinda vilevile
na pochi nyepesi.
Yaweke yote mawili mfukoni.

Sindano si ile uijuayo. Ni unywele wa chuma.
Itatoka kwenye pakiti iliyofungwa, mbele yako;
ukiikuta wazi, inuka uondoke, ruhusa nimekupa mimi.
Inazama, halafu panakuja uzito,
maumivu butu, kama jino linalokumbuka peremende.
Hapo mwambie.
Ikipiga kama umeme, mwambie upesi zaidi.
Zihesabu zikiingia. Zihesabu zikitoka.
Mama Gu alifika kwake na moja nyuma ya sikio,
mjukuu akaiona mezani, kijiko kikiwa njiani.
Tangu siku ile nahesabu tena mimi.

Akichoma pakanga, moshi utakukaa kwenye nywele mpaka kesho.
Akikuumika, mgongo utatoka na miezi myekundu minane;
mtayarishe mkeo.

Sasa fungua mfuko huo. Vidonge vyote hapa.
Hivi vyeupe ni vya kuzuia damu isigande?
Unaona. Kwenye fomu hukuandika.
Mficha maradhi kilio humfichua,
na kilio kwenye vigae vyangu sikitaki.
Majani si maji, kijana. Hata urukususu,
pamoja na utamu wake wote, hupandisha presha ya mtu.
Wala usivitupe hivi eti sisi tumekupa vya kuchemsha.
Aliyekuandikia ndiye wa kukuachisha.

Alikuja Teng, mchomeleaji wa kiwanda cha meli,
jioni ya theluji, nje hasi kumi na mbili,
naye jasho linamtiririka.
Mkono wa kushoto, alisema, unavuta hadi kwenye taya.
Nichome mbili tatu nirudi zamu.
Daktari Mu alimshika mkono. Kimya.
Hakufungua hata pakiti moja.
"Qiu, ita gari la wagonjwa."
Teng alitutukana mpaka machela inapita mlangoni:
matapeli, waoga, nirudishieni pesa yangu.
Nilimrudishia.

Theluji ilipoyeyuka, mkewe alikuja kuchukua glavu.
Sikuthubutu kuuliza. Alikaa hapo ulipokaa,
akamaliza uji,
akapangusa midomo kwa mgongo wa mkono.
"Anawasalimu," akasema.
"Bado anawaita waoga."

Haya, mlango huo umefunguliwa.
Vua saa. Pitia chooni kwanza, dakika ishirini ni ndefu
kwa mtu asiyeruhusiwa kujikuna.
Wengine hulala wakakoroma. Wengine hulia, hawajui kwa nini,
na hakuna atakayewauliza.
Bega likipona, uje uniambie.
Lisipopona,
uje uniambie vilevile.